Kikohozi cha Shule Yetu

Sokon, chini ya Mlima Meru
Novemba, 1910

Kwa baba yangu Lesikar, kambi ya reli

Baba, shikamoo.

Kwa heshima zote ninazoweza kuzikusanya, naitangazia kambi yenu nzima kwamba kikohozi cha shule yetu kimekwisha. Watoto thelathini na mmoja wamenywa mafuta ya mbarika asubuhi tisa mfululizo, kijiko kikubwa, na hakuna aliyekufa.

Je, hujambo? Kifua kimepoa? Na ule mguu? Sisi huku hatujambo kiasi cha kuandikika. Mvua zimechelewa na ndizi ni nyembamba. Mama ni mzima, nywele zake zimeanza kuota tena. Dada yangu Namnyaki anasoma kuliko wavulana, jambo linalowaudhi. Mimi bado napiga kengele ya shule na kufuta ubao. Kusoma nilijifunza nikiwa nimesimama dirishani na ufagio, kwa hiyo usishangae mwandiko wangu ukiegemea upande mmoja.

Mwenzako Solomoni amenifikishia salamu zako: kipande chako cha kazi kimebakiza siku ishirini, kisha unarudi. Namshukuru Mungu kwamba alinikuta mimi kwanza, uani pa shule. Nimempa ugoro ili asipite nyumbani, na barua hii anakuletea yeye. Baba, kuna jambo lazima ulijue kabla hujafika kwako, maana ukifika bila kulijua, hapatakuwa kwako. Karani unayesoma, tafadhali soma polepole, na umpe mzee mahali pa kukaa.

Lilianza Agosti. Bwana Mwalimu alipata mgeni kutoka kwao, mtu mnene mwenye miwani, ambaye kazi yake ni kukusanya vitu vya makabila na kuvipeleka katika nyumba moja kubwa Ulaya, watu wakavitazame. Mwalimu akatangaza Siku ya Mambo ya Wazee. Alisema watoto wasione haya kwa mila zao. Waimbe nyimbo za kwao, na kila nyumba ilete kitu kizuri kuliko vyote ilivyo navyo. Tulishangaa kidogo, kwa kuwa mwaka jana walichapwa kwa nyimbo hizohizo. Mimi aliniita kando, akaniambia kwamba kila nyumba ikileta kitu cha maana, ataniandika mwalimu msaidizi.

Unajua nyumba zetu zina nini. Ngao na mikuki vilikwenda mwaka ule mlipobebeshwa mawe ya boma la Wajerumani. Vibuyu mgeni alikuwa navyo hadi kero. Mwalimu aliniambia kinachotafutwa ni surutia, zile shaba za mviringo wanazovaa wake za watu masikioni. Baadhi ya watoto walileta za bibi zao wajane, zilizovuliwa zamani. Namnyaki hakuwa na kitu. Elinaza, binti wa jirani, akamwambia asijali, watabeba kibuyu kimoja wawili, mmoja huku na mmoja huku, na atakayecheka atamtambua. Mambo yangeishia hapo, kama isingekuwa mimi.

Nilimwomba mama shaba zake. Akanicheka. Akaniuliza kama dirisha la shule limenifundisha kusahau kwamba mke hazivui ila mume akifa. Alisema mume wake yu hai, anakula ugali wa Wajerumani, na mimi nikitaka shaba nikaoe mwenye nazo.

Sasa, baba, kaa.

Kesho yake nilirudi nyumbani nikamwambia kuwa pagazi mmoja ameleta habari: udongo wa tuta la reli umekuangukia, nawe umekufa.

Nilidhani atalia siku mbili, nami nikishapata kazi nitasema pagazi alikosea mtu. Mama hakulia. Aliniuliza kama siku ile ulikuwa umekula. Nikasema ulikula. Akaomba kisu, akakata ukanda wa ngozi, akanitia shaba mkononi zikiwa bado na joto la mwili. Jioni akanyolewa. Baba mdogo Kasaine alikuja, akalia sana, akaondoka na ng'ombe wako wanne ili awalinde. Wawili amekwisha kuwalinda hadi mnadani.

Hapo ndipo watoto wa shule walipoanza wema wao, ambao sikuuagiza. Walileta maziwa, kuni, ndizi. Elinaza alimchotea mama maji mwezi mzima. Unajua kwetu jina la marehemu halitamkwi mbele ya watu wake. Siku ya Mambo ya Wazee, walipofika penye ubeti wa kuwataja baba zao, wote waliuruka, na mgeni akaandika katika daftari lake kwamba watu wa hapa hawana nyimbo za baba.

Lakini Bwana Mwalimu hajui miiko yetu, na kila asubuhi aliita kutoka kwenye orodha, “Namnyaki Lesikar.” Ikawa akifika “Namnyaki” tu, darasa zima linakohoa kwa nguvu ili dada yangu asisikie linalofuata. Mwalimu akahofia ugonjwa, ndipo yakaja mafuta ya mbarika. Waliyanywa wote, hata wale wadogo wa mbele, na hakuna aliyemwambia kwa nini wanakohoa. Asubuhi ya kumi mwalimu alichoka. Siku hizi haiti majina, anahesabu vichwa.

Mimi nilikuwa mlangoni muda wote huo. Katika shule nzima nilikuwa peke yangu niliyejua kwamba wanamkoholea mtu aliye hai.

Mama bado sijamwambia. Kila nikianza, ananiuliza kama nimekula. Niliwauliza wazee wawili, kwa mbali, kama vile ni habari ya ukoo mwingine: mume aliyekwisha kuliliwa akirudi, anapokelewaje? Mmoja alisema achinjiwe kondoo langoni kabla hajavuka. Wa pili alisema haijawahi kutokea, kwa sababu hapajawahi kuwa na mtoto mjinga kiasi hicho.

Kwa hiyo usije moja kwa moja. Nisubiri kwenye kivuko cha mto Themi. Nitakuja na mama, nikiwa nimemwambia, au nitakuja peke yangu, na fimbo nitaileta mwenyewe.

Wasalimie wenzako wa kambini na umshukuru karani kwa koo lake. Namnyaki angekusalimu, kama angejua kuwa bado unasalimika.

Ni mimi mwanao,
Lemburis Lesikar
(jina la pili naliandika tu, silisemi)

Nyongeza: Shaba za mama hazikwenda Ulaya. Mgeni alisema anazo jozi saba za namna hiyo, akaziacha mezani.