Abiria wa Mzee Breki

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi wazima. Miguu yangu inauma kama kawaida yake, ila bado inanifikisha ninakotaka.

Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi anaishika baba yako. Ikilia anapokea, anasema "hayupo," anakata. Nikimuuliza nani alipiga, ananitazama kama nimemtukana.

Lakini nina habari njema. Jumapili ananitembeza! Miaka yote aliyokuwa akipeleka mikate kuzunguka kisiwa, alfajiri mpaka jioni, mimi nilikuwa nyumbani nawalea nyinyi. Ile barabara ya pwani sijaiona zaidi ya hapo bandarini. Aliniahidi tangu tulipooana. Jana ameliosha gari likang'aa, akaliosha tena, na jioni akaniuliza mbona gari chafu hivi. Nilicheka. Naye akacheka, ila baadaye kidogo.

Najua daktari alisema asiendeshe. Nadhani alimaanisha usiku. Barabara ile baba yako anaijua nje ndani, na si bure kazini walimwita Mzee Breki, kwa uangalifu wake.

Mama yako

*

Jumatano, 12 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimeachia.

Barua yako imenifikia leo, na hiyo Jumapili imeshapita. Nimepiga simu tangu mchana. Baba alipokea mara moja tu. Nikamwambia, "Baba, ni mimi." Akanijibu, "Mimi sina mtoto mwenye sauti nzito hivyo, ndugu yangu," akakata, kwa adabu zote.

Mama, daktari hakusema usiku. Nilikuwepo. Alisema asiguse usukani tena, mchana wala usiku, maana huku kusahau hakuji kwa miadi. Kama mmerudi, niandikie neno moja. Kama hamjaenda, ficha ufunguo.

Mwanao

*

Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tumerudi. Hilo ndilo neno ulilotaka, na yanayofuata soma umekaa.

Safari ilianza vizuri mno. Bahari inabadilika rangi kila kona, na kuna maporomoko ya maji yanayoangukia moja kwa moja baharini, ukipita unalowa hadi shingo. Barabara imechongwa ubavuni mwa jabali: mkono mmoja mwamba, mkono mwingine hakuna kitu. Baba yako alikuwa msemaji kama siku za uchumba. "Hapa mbwa alinifukuza na kikapu chote! Pale palikuwa na mama mmoja, hanunui mkate mpaka aunuse!" Tulikula mayai na mkate kwenye mchanga mweupe, tukavua viatu.

Baada ya chakula tukaendelea na safari. Akaanza kusimama mbele ya maduka yaliyofungwa, anapiga honi mara mbili, anasubiri, kama zamani akishusha mikate. Mahali pengine hapakuwa na duka wala nyumba, ni ukingo na upepo. Akapiga honi. Akasubiri mtu atoke.

Tulipofika rasini, mwisho kabisa wa kisiwa, alizima gari akanigeukia.

"Mama, nikushushe wapi? Mimi mwisho wangu hapa."

Nikadhani utani. "Nishushe kwa mume wangu," nikamwambia.

"Haya. Basi teremka kidogo nigeuze gari."

Niliteremka. Akageuza gari kwa uangalifu wake wote, akanipungia mkono, akaondoka. Mwanangu, nilisimama pale nikiona gari linaingia kona, linatokeza, linaingia tena, mpaka nikabaki na mvumo wa maji chini yangu. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyenirudisha. Nilimkuta baba yako uani anaosha gari. Akaniambia, "Karibu, mama. Mwenyeji wako hayupo. Nimempoteza njiani."

Tangu siku hiyo mimi ni mgeni. Ananipisha mlangoni. Analala sebuleni, maana anasema si vizuri alale chumba kimoja na mke wa mtu. Ufunguo nimeushonea ndani ya mto.

Mama yako

*

Ijumaa, 28 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimesoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Nimeomba ruhusa kazini na nimeipata. Nitakuwa hapo kabla Aprili haijafika katikati.

Usipande tena gari hilo. Hata akilia. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha.

Mwanao

*

Jumapili, 6 Aprili, asubuhi

Mwanangu,

Salamu tutapeana ukija. Amepata ufunguo mwingine, sijui aliuweka wapi miaka yote. Amevaa koti la harusi yetu. Amebisha hodi mlangoni kwangu.

"Mama, samahani kukusumbua. Naenda kumtafuta mke wangu. Nilimshusha mahali, naye akaniamini. Amesimama kule na jua lote hili."

Nilimwambia ni mimi. Nilimwonyesha pete. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwendawazimu wa watu. Jirani yetu fundi cherehani alijaribu kusimama mbele ya gari, baba yako akasonga mbele kidogo bila kumwona. Fundi karuka mwenyewe.

Sasa gari linanguruma nje. Amenisubiri kwa sababu nimemwomba lifti. Nikibaki ataenda peke yake, na asiponikuta kule ataendelea kunitafuta hata mahali ambapo barabara haipo. Barua hii namwachia fundi aipeleke posta. Usinikasirikie.

Mama yako

*

Alhamisi, 10 Aprili

Mwanangu,

Pole na safari. Hii nitampa fundi cherehani akupe ukishuka, uisome kabla hujabisha hodi, maana yapo nisiyoweza kuyasema mbele ya baba yako.

Tulifika rasini, lakini sijui kwa dua ya nani. Kwenye kona za jabali alishika katikati ya barabara. Basi lilitokea, likalia honi ndefu, akalikwepa kuelekea mwambani na kioo cha upande wangu kikang'oka. Alisema tu, "Leo kuna upepo." Kule rasini, alipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaingia kwenye majani, na mbele ya majani hapana kitu.

Nilitoka mbio. Sikuwa na mpango wowote. Hatua chache nikasimama, nikamgeukia. Naye akatoka, akaniona. Akanikimbilia, kwa magoti yale unayoyajua.

"Kumbe uko hapa! Umenikasirikia?"

Akaniita jina langu la utotoni, hata wewe hulijui. Alilia begani kwangu, nami nikalia, nikamshukuru Mungu nikidhani yamekwisha.

Kisha akafuta uso, akaangalia gari. Mlango wangu ulikuwa wazi, kiti kitupu.

"Na yule mama niliyekuja naye?"

"Mama yupi?"

"Yule mpole. Mgeni wetu. Si alikaa hapa?" Akaenda ukingoni, akachungulia chini. "Ameanguka. Nimemleta mtoto wa watu, ameanguka." Akaanza kushuka kwenye mawe.

Nilimshika mkanda wa suruali nikajitupa chini kwa uzito wangu wote. Tuligaragara majanini kama watoto wanaogombea mpira. Alipochoka, nilichomoa ufunguo nikautupa baharini. Wanaoziba mashimo barabarani ndio waliotuleta nyumbani.

Sasa ananijua. Amerudi chumbani kwetu. Lakini kila akiamka huenda kwanza sebuleni, anatazama, anarudi: "Yule mama alifika?" Namwambia alifika. Jana niliongeza, "Alifika, na amekusalimu." Alifurahi, akanywa chai yote.

Leo amevaa viatu. Anasema aliyefika salama haleti salamu, huja mwenyewe. Anataka kwenda kwa miguu. Nimefunga mlango kwa ndani na nimekaa nao mgongoni ninapoandika. Fundi ataichukua barua hii dirishani.

Ukibisha, bisha taratibu. Atakuuliza kama umemwona huko njiani. Usimbishie, mwanangu. Mwambie umemwona, mzima, na hana kinyongo.

Mama yako