Salamu za Bibi Sharifo

Hulugho, 1967

Walaal Diriye, ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Ngamia wako mweupe amezaa jike. Mbuzi wanne wamekufa humu bomani walimotufungia, maana askari hawatuachi kwenda malishoni bila pasi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Madina, ameishona kwenye pindo la shuka lake. Ile watakayokuletea wazee niliiandika mezani kwa afisa, askari amesimama nyuma yangu. Inasema umesamehewa, urudi.

Usirudi. Kerrow, mtoto wa ami, alirudi Jumatatu. Alikuwa amevuka mpaka kufuata maji, kama wewe, nao askari wakamwita shifta, mwasi. Jana tuliletewa viatu vyake tu.

Mwisho wa barua ile nilitia salamu za bibi yetu Sharifo, nikijua kaburi lake ulilichimba wewe mwenyewe. Afisa akaniuliza kama bibi hajambo. Nikamjibu hajambo.

Watanilazimisha kuandika tena, na kila mara bibi atakusalimu. Siku nitakayokuandikia kwamba bibi amefariki, ndipo uje nyumbani.

Dada yako akuombeaye,
Nimo