Bega la Baba na Vidonge vya Kwenye Koti

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya duka la kinyozi,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sisi tulio wazima, na za mmoja ambaye si mzima sana. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mdogo kimeshakwisha. Mimi sijambo, ila kiuno kinalalamika kwa kupiga pasi kutwa nzima pale kwa dobi. Shangazi naye hajambo. Meno yamebaki matatu, lakini maneno hayajapungua hata moja.

Nimekawia kukujibu. Barua yako ilifika na nimeisoma mpaka nimeikariri, hasa pale uliponiita mkatili. Siandiki kukanusha. Ukifika mwisho utaona kwamba neno lenyewe si la uongo, ila ulilitumia kabla ya wakati wake.

Nianze na ajali, maana wewe uliisikia kwa simu vipande vipande. Mwezi wa pili Baba alipanda kigoda abadilishe taa iliyo juu ya kioo cha dukani. Kigoda kikateleza, akaangukia bega la kulia, lile la mkasi. Picha ikaonyesha kichwa cha mfupa wa mkono kimevunjika vipande vitatu. Wakampasua, wakatia bamba la chuma na skrubu, wakamshona. Daktari hakutuficha: mkono usipoinuliwa kila siku katika wiki kumi na mbili za mwanzo, bega litakaza kama bawaba yenye kutu, na litabaki hivyo. Na kinyozi asiyefika utosini kwa mteja ni mtu wa kushika taulo tu.

Ilipofika zamu ya dawa, daktari alitaka kumwandikia vile vidonge vikali, vya jamii ya afyuni, kwa siku chache. Si daktari mbaya. Alieleza kwamba vina mahali pake, na wengi huvitumia wakaviacha bila shida. Baba akamkatiza.

"Mimi si hao wengi, daktari. Nilivila miaka miwili kwa ajili ya mgongo, na vyenyewe vikanila."

Kisha akanigeukia, mkono ukiwa umefungwa kifuani. "Apa mbele ya huyu. Hutanipa hata kimoja. Hata nikilia. Hata nikikulaani."

Nikaapa.

Daktari akaandika vidonge vya kawaida, aina mbili za kupokezana kwa saa, akasisitiza tuvitoe kabla maumivu hayajapanda, si baada ya kupanda. Mengine tulifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mfupi mwenye vidole vigumu, ambaye Baba alimbatiza Koleo siku ile ile ya kwanza. Taulo ya moto kabla ya mazoezi. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa baada ya mazoezi, robo saa, isizidi. Mto chini ya kiwiko akilala. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Na mimi nikafundishwa kuuinua ule mkono, mara tatu kwa siku, mpaka Baba aseme "hapo", niushikilie, niushushe taratibu.

"Kuyafukuza maumivu hatutaweza," Koleo alimwambia. "Tutayatafutia kiti, yakae pembeni, wewe uendelee na shughuli zako."

"Na yakikataa kukaa?"

"Utaendelea yakiwa yamesimama."

Alituambia pia akili ya mgonjwa ipewe kazi. Kazi ya akili ya Baba, kama ujuavyo, ni vichwa vya watu. Basi nikianza kuinua namwuliza, "Leo kichwa cha nani?" Anafumba macho. "Cha mwalimu wa hesabu. Kina bonde kisogoni, ukipitisha mashine bila kuinua kidogo unaacha msitu." Siku nyingine kilikuwa cha karani wa posta, ambaye masikio hayalingani, na ukimnyoa kwa kufuata masikio anatoka kama aliyevaa kofia upande. Mara nyingi kichwa kimoja kilitosha kutufikisha juu na kuturudisha chini. Nilikuwa natia alama ya penseli kwenye fremu ya mlango kila Jumamosi. Wiki ya tano vidole vilifika usawa wa kidevu.

Usidhani ilikuwa tamu. Katikati ya dozi alikuwa anauma mto. Aliniita majina ambayo mimi nilidhani ni ya wapakizi wa mizigo peke yao. "Nitafutie nusu ya vile vikali," alikuwa anasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Nusu haijaua mtu." Siku moja alilaani ziwa nililonyonya, kisha akakumbuka lilikuwa ziwa la nani, akageukia ukutani mpaka jioni.

Ndizo siku ulizopiga simu ukamsikia analia. Ukaniambia namtesa mzee, na kwamba huko uliko hata mbwa haachwi aumwe vile. Nilikueleza habari ya kiapo. Ukasema kiapo cha mgonjwa si kiapo.

Kisha likaja koti. Mwenzako wa kazini alilileta alipokuja likizo, koti zuri zito la kijivu, nami nikashukuru kwamba umemkumbuka Baba. Habari ya mfuko wa ndani hukunipa mimi. Ulimpa yeye, kwenye simu.

Kuanzia wiki ile bega likawa kama limebarikiwa. Baba akaacha kutukana. Nikiinua, hasemi "hapo" mpaka mkono upite sikio. Sikuhitaji kuuliza kichwa cha nani. Nilimwandikia wifi kwamba mzee anapona, utakuwa uliiona barua hiyo. Koleo peke yake ndiye hakufurahi. Alimtazama Baba machoni muda mrefu akaniuliza anakula nini. Nikasema wali na mboga, kama sisi.

Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika kwa dobi, nikarudi nyumbani saa tisa alasiri. Baba alikuwa amelala chali juu ya kitanda, mdomo wazi, koti likiwa magotini na pakiti ya vile vidonge vikali ikichungulia mfuko wa ndani. Bega lilikuwa limevimba, limeiva kama pera. Asubuhi ile, kama alivyokiri baadaye, aliuinua mkono peke yake mpaka mwisho, mara nyingi, kwa raha zake, na kano ilipochanika hakuna kilichomwambia. Nilisimama mlangoni.

Hapa itabidi nikuambie habari ya Mama.

Wewe uliambiwa pumu. Pumu ilikuwa kweli. Lakini siku ile dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha, na Baba ndiye aliyekwenda duka la dawa kuchukua nyingine. Aliichukua. Akarudi nayo mfukoni mwa suruali, akameza vidonge vyake vya mgongo, akajilaza kabla ya kumpa. Mama alibanwa akiwa chumba cha pili. Aligonga ukuta kwa kikombe cha bati. Rangi ilikuwa imebanduka pale alipogonga, na si mahali pamoja tu. Mimi niliporudi nilidhani waliokufa ni wawili. Aliyekufa alikuwa bado na joto. Aliye hai nilimpiga makofi manne ndipo akaamka, akaniuliza kama chai iko tayari.

Dawa niliitoa mwenyewe mfukoni mwake. Ilikuwa haijafunguliwa.

Shangazi ndiye aliyeamua usiambiwe. Alisema umempoteza mama ukiwa mbali, usimpoteze na baba siku hiyo hiyo. Baba aliviacha vidonge wiki ile ya mazishi, akatetemeka na kutapika mbele ya waliokuja kutoa pole, nao wakasifu jinsi alivyompenda mkewe. Miaka sita tumekaa nyumba moja, yeye na mimi, hatujalitaja. Nampikia, ananyoa, tunasalimiana. Sasa unajua kwa nini aliniapisha mimi na si mwingine.

Basi alasiri ile nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikahesabu pumzi zake. Sikuwa naomba apone. Nilikuwa nahesabu tu. Alipofungua macho alitabasamu, akasema, "Nilikuwa nimesahau utamu wake."

Nilimwita daktari, akampima, akasema bado hatujachelewa, lakini pakiti hiyo iondoke. Vidonge vilivyobaki nilivipeleka duka la dawa vikaharibiwe. Wiki moja Baba alitoka jasho, alihara, alijikuna mpaka damu, na bega lililochanika likamrudia lote kwa pamoja, bila cha kulizuia ila barafu na vile vidonge vya kawaida. Koleo aliingia, akalishika kidogo tu, akatikisa kichwa. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakituonyesha mpaka, alisema, na sisi tumemlevya mlinzi. Akatuamuru tupumzike wiki tatu, kisha tuanze tena kutoka kifuani, chini ya alama zote za penseli.

Tukaanza. Na sasa nafika kwenye lile neno lako.

Asubuhi ya tatu niliweka taulo ya moto kama kawaida. Nikamwuliza kichwa cha nani, akafumba macho tu. Nikainua. Akasema, "Hapo." Nikaendelea. Akasema tena "hapo", kwa sauti, na mimi nikaendelea, Kaka, huku nakiona kile kikombe cha bati. Sitakudanganya kwamba nilipitiwa. Kitu ndani ya bega kililia kama shuka kuukuu linapochanwa. Baba akapiga ukelele uliomleta fundi viatu wa jirani mlangoni, anauliza kama tumeingiliwa. Na kwa muda wa pumzi mbili hivi nilijisikia vizuri. Tangu Mama afe sikuwa nimejisikia vizuri namna ile.

Nikaushusha mkono. Baba alikuwa kalowa jasho, midomo imepauka. Alivuta kwa nne, akatoa kwa sita. Akarudia mara tatu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Hiyo ilikuwa ya mama yenu. Sasa nifanyie yangu."

Akaninyoshea mkono ule ule.

Nikamfanyia. Taratibu, mpaka "hapo".

Nilimweleza Koleo siku ile ile. Alimpima, akasema kilicholia ni makovu ya ndani, bamba liko salama, na kwamba ni bahati yangu na si akili yangu. "Ukitaka kumpiga baba yako," akasema, "tafuta fimbo. Kazi yangu usiitumie." Wiki mbili hakuniruhusu kumgusa. Alikuja yeye mwenyewe asubuhi na jioni, na Baba alikuwa anamwuliza kila mara, "Binti yangu anarudi lini?" Nilirudi. Tunaendelea mpaka leo.

Haya ndiyo matokeo. Mkono unafika juu kidogo ya sikio. Utosini haufiki, na daktari amesema hautafika tena, maana ile kano iliunga vibaya. Maumivu nayo yatakuwepo, labda maisha yote, mengine siku za baridi, mengine bila sababu. Baba aliposikia alisema tu, "Haya." Ameurudisha mkasi kazini. Wateja anawaweka kwenye kigoda kifupi, wengine magoti yanawafika kidevuni na wanacheka, yeye anacheka nao. Mtu akiwa mrefu sana anampeleka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kila baada ya vichwa viwili anakaa, anaweka barafu, anafumba macho, na midomo inahesabu. Hajaomba hata nusu tangu siku ile.

Kuhusu kukuandikia haya, nilimwomba ruhusa. Nilidhani atakataa. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mashine, akaniambia, "Mwandikie yote. Nimechoka kupendwa na mtu asiyejua."

Sikukuandikia ili ukose usingizi, ingawa utaukosa. Koti analivaa, linampendeza. Lakini utosi ule umekwenda na mfuko wa ndani, na siwezi kukuandikia vinginevyo. Ulituma kwa huruma, najua. Mimi nilikuwa na kiapo na bado nilimuumiza. Wewe ulikuwa na huruma na ukamuumiza zaidi. Tusishindane.

Atakuwa karibu na simu Jumapili ijayo, saa zake zile zile. Kama hutapiga ataelewa, amejiandaa kwa hilo kuliko unavyodhani. Ukipiga, usimwulize kama anaumwa. Anaumwa. Mwulize amenyoa nani.

Msalimie wifi sana, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, na anasema amekukosea kwa kukuficha, ila angefanya vile vile tena. Koleo hakujui, lakini amesema nikuandikie kwamba mikono inayoinua ni michache. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe moyo wa kubeba ulichokisoma, na akurudishe kwetu tukiwa bado watatu wa kukupokea.

Ni mimi akupendaye, hata baada ya haya yote,

Mdogo wako.