Shingo ya Bunduki ya Baba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimerudi kutoka kliniki ya macho mjini. Bunduki ya marehemu baba inanata! Kitako chote, toka kinapokaa begani mpaka shingoni, kimepakwa mafuta ya alizeti. Ghafi, ya kukamua – harufu naijua, Iguguno nzima inanuka hivyo msimu huu. Vumbi limegandia juu yake.

Nani? Mke wangu Dina kajibu bila hata kugeuka: mdogo wangu Naftali alikuja, akaomba ufunguo wa sanduku. "Ningemnyimaje shemeji?" Miaka thelathini na nane ya ndoa, hajui kwamba ufunguo wa silaha hapewi mtu asiye na leseni!

Sijala.

Jumanne, 9 Julai 2024

Nimemwita Naftali. Nikamweleza taratibu, kama darasa la nne: mti unataka mafuta yanayokauka. Ya kitani, yale ya mafundi rangi. Matone machache, unasugua kwa kiganja mpaka mti upate joto, unafuta, unangoja siku nzima. Alizeti ghafi hubaki inanata, na huita panya.

Akacheka. "Mwalimu, hayo ya kitani uliyapaka lini mara ya mwisho?"

Kisha akaniambia Jumamosi kuna kikao. Baba mdogo Alute ameshasema: anayeshindwa kuitunza aiachie. Leseni ina jina langu, lakini ukoo ndio ulionikabidhi. Ukiamua ihamie kwake, nitakwenda polisi mwenyewe kuomba ihamishwe. Kwa huyu! Mtu ambaye jembe lake linalala nje.

Alhamisi, 11 Julai 2024

Nimefuta kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, nikapitisha msasa laini kufuata nyuzi za mti. Uchafu ulipotoka – ufa. Shingoni, pale mkono unapokamata. Urefu wa kidole changu cha kati.

Si mafuta yake. Mafuta hayapasui mti. Ukavu ndio hupasua. Na nani aliweka sanduku nyuma ya jiko la kuni miaka minne? Mimi. Kwa sababu ya mchwa, kama tunavyoning'iniza mbegu kwenye moshi. Moshi ukafukuza mchwa, joto likanyonya mti. Mimi, niliyefundisha sayansi!

Basi Naftali aliuona ufa, akadhani mafuta yataufunga. Mjinga.

Lakini aliuona.

Ijumaa, 12 Julai 2024

Nimeuziba ufa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mti. Hauonekani. Nta haishiki kitu, najua. Mtu akipiga risasi moja, shingo inaweza kukatika mkononi mwake. Dawa ni gundi, kamba ya kukaza, na siku tatu bila kuguswa. Siku tatu sina.

Dina alisimama mlangoni akiniangalia nasugua. "Huko si kutengeneza. Huko ni kupaka poda."

Nimemwambia afunge mlango.

Jumamosi, 13 Julai 2024

Wamefika mapema! Baba mdogo Alute, wazee wawili, Naftali na shati lililopigwa pasi. Naandika chumbani, bunduki iko magotini. Nimeikagua mara mbili, haina risasi. Nikiikamata vizuri, kiganja kinafunika mahali pote.

Baba mdogo ananiita. Wazee wanataka waione, wasipoteze muda.

Na Naftali, kwa upole kabisa, kama anayeagiza chai:

"Kaka, ilete. Ila usiishike shingoni."