Meno ya Tala

Iloilo, Jumatano, saa moja asubuhi, mvua kubwa.

Mama,

Ndimu zote nimeziondoa mezani. Tala akitoka chooni, asipige mswaki. Asukutue kwa maji yenye magadi, kisha asubiri nusu saa.

Leo Shangazi Pacing aliingia na salamu yake ileile: "Tala, umenenepa jamani! Kiti kitakuhimili kweli?" Ulicheka. Tala naye alicheka, nikaona meno yake ya mbele: ncha zimekuwa nyembamba hadi zinapitisha mwanga. Katika kliniki ya meno ninakofanya kazi tunaijua hali hiyo. Ni asidi ya tumbo. Mwanao anajitapisha. Wewe unamsifu kwa usafi kwa kuwa kila akila hukimbilia mswaki, kumbe mswaki juu ya asidi huyasaga meno.

~~Usimwambie kwamba ninajua.~~ Mwambie ninajua, na kwamba sijamkasirikia. Kutapika huko kumeufanya moyo wake urukeruke, na hilo ni hatari. Usimwache peke yake. Nimetangulia hospitalini kushika foleni. Nitarudi kumchukua saa tatu.

Baada ya kile kicheko, Shangazi alimwongezea uji. Tala aliumaliza, akajifungia chooni na kufungulia bomba. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza. Wewe ulimpelekea mswaki mpya.

Dada mkubwa