Diski Mia Saba za Radi

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Baba Mdogo,

Pokea shikamoo mbili: moja ya leo, na nyingine ya miezi minne niliyokaa kimya kama niliyemeza kufuli. Mkono wa kushoto unaendeleaje? Mama Mdogo aliniambia vidole viwili bado vinakataa kukunjika, na kwamba gitaa umelitundika ukutani hutaki hata lipanguswe vumbi. Mungu akupe nafuu, na akupe subira mpaka nafuu ifike.

Sisi huku wazima. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanayomkumbusha umri kila akipanda ngazi. Mimi bado niko masjala ya hospitali, nalinda mafaili elfu arobaini, na mgonjwa yeyote akija dirishani, faili lake ninalo mkononi kabla hajamaliza kukohoa. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nataka ukumbuke mimi ni mtu wa namna gani, uelewe niliyoyapitia.

Uliomba kitu kimoja tu: zile nyimbo tisa za bendi yenu, uzisikie sasa ambapo huwezi kuzipiga mwenyewe. Kaseti zenyewe zilipotea tulipohama, na sote tulijua wa kulaumiwa ni nani. Lakini mdogo wangu Radi alikuwa ameshazinakili kwenye diski, kwa hiyo nikajiambia hii ni kazi ya dakika tano. Imechukua wiki sita.

Baba Mdogo, sijui kama unafahamu jinsi mtoto huyu anavyoweka muziki wake. Anajiita dijei. Ana diski za kuchoma mwenyewe zipatazo mia saba, na hakuna hata moja iliyo mahali pake, kwa sababu mahali pake hapapo. Nyingine ziko kwenye kopo la biskuti, nyingine kwenye boksi la viatu, nyingine zimepangwa dirishani zikiota jua kama mijusi. Moja imewekwa chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe. Moja ina duara la chai. Nilipomwonyesha hilo duara alilifuta kwa shati, akapuliza, akasema iko sawa.

Na majina aliyoziandikia! Kuna "Moto". Kuna "Moto 2". Kuna "Moto Mpya", na baada ya hapo "Moto Mpya wa Kweli", maana yake ule wa kwanza ulikuwa wa uongo. Kuna moja imeandikwa "Hii".

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Hiyo ni Hii."

"Hii gani, Radi?"

"Dada, ukiiona unaijua."

Akanieleza, kwa upole wa mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito, kwamba madijei hawapangi kwa majina ya nyimbo, wanapanga kwa shughuli. Kuna diski za kuingizia maharusi, za wakati wa kula, za kuinua wazee vitini, na za kuwaambia watu kistaarabu kwamba ukumbi unafungwa. Nikakubali kwamba utaratibu huo una akili. Nikamwomba anionyeshe za kuinua wazee. Akakuna kichwa. Zimechanganyika na za kula, akasema.

Akili hiyo niliiona kwa macho yangu mwezi uliopita. Mkunga wetu mkuu alikuwa anastaafu, tukamfanyia sherehe ya mchana kwenye ukumbi wa hospitali, na mimi, kwa udhaifu wa damu, nikampendekeza Radi. Mama wa watu akaingia amependeza, ameshika shada la maua, wauguzi wamepanga mistari miwili wakipiga makofi. Radi akaweka diski. Ukatoka wimbo wa maziko, kwaya nzima, ule wa kuteremshia jeneza. Mkunga akasimama wima katikati ya ukumbi kama mtu anayejisikiliza akizikwa. Radi akahangaika kubadilisha, akaweka nyingine, nayo ikaendeleza ubeti wa pili.

Daktari mmoja akaniinamia. "Huyo si mdogo wako?"

"Namfahamu kwa mbali," nikasema.

Tangu siku hiyo nikaanza kusaka nyimbo zako kwa mikono yangu mwenyewe. Kila Jumamosi na Jumapili mchana nilikaa chumbani kwake na daftari, naweka diski, nasikiliza, naandika, natoa. Yeye alikaa sakafuni akinikabidhi moja moja na kunitolea hadithi ya kila mkwaruzo. Huu ulitoka kwenye harusi ya muuza matairi. Huu ni wa bibi mmoja aliyeikanyaga diski akicheza. Historia ya mikwaruzo anaijua yote. Kilichomo ndani ya diski hakijui. Nyingine zilikuwa zimekufa kabisa, mashine inazizungusha weee, halafu inakata tamaa. Nilimdharau, Baba Mdogo, sikufichi. Nilimwambia kwamba angekuwa masjala kwangu, wagonjwa wangepasuliwa kwa faili za majirani zao.

Wiki ya tano nikaipata. Ilikuwa kwenye boksi la viatu, imeandikwa "Wazee changanya". Nikairusha mbele mpaka ule wimbo wako wa mvua, ambao gitaa lako linaanza peke yake, matone machache kwanza, halafu mabati yote. Nikafumba macho. Ikaanza sauti ya mwimbaji, moja kwa moja.

"Gitaa liko wapi?"

Radi akatazama miguu yake. "Nililikata."

"Ulilikata?"

"Dakika mbili za gitaa tupu, Dada. Watu wanarudi kukaa."

Niliyomwambia hapo siyaandiki, maana barua hii huenda Mama Mdogo akaisoma. Yaliyo mepesi ni kwamba nilimwita mchinjaji, na nikamwambia kwamba vidole vya Baba Mdogo vimekatwa mara mbili, mara ya kwanza na maradhi, mara ya pili na yeye. Aliitoa ile diski mashineni, akaitafutia bahasha ya karatasi, akaitia ndani. Halafu akasema, "Nilidhani hii itatosha. Twende kwa Mama Spika."

Mama Spika ni dijei mwanamke wa makamo, anaishi nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nilitegemea kuona Radi mwingine aliyevaa kanga. Kumbe, Baba Mdogo, niliingia masjala! Chumba kina pazia zito. Makabati ya droo ukutani, diski zimesimama wima kila moja kwenye mfuko wake, na kila moja ina namba. Mezani kuna daftari lenye jalada gumu: namba, nyimbo zilizomo, siku ilipochomwa, siku ilipojaribiwa mara ya mwisho. Namba ameiandika kwa kalamu laini kwenye kile kiduara cha katikati tu.

"Watu wanaogopa mkwaruzo wa chini," aliniambia. "Ngozi nyepesi ya diski iko juu, pale pale wanapoandika kwa kalamu ya ncha ngumu. Na wakibandika karatasi, siku ikibanduka inaondoka na muziki."

Akanieleza kwamba yeye huchoma polepole, mashine isiharakishwe, kisha husikiliza diski yote kabla ya kuiamini. Kila moja ana mbili: ya kazi, na ya nyumbani isiyotoka. Kila baada ya miaka michache huchukua zile za zamani akazinakili upya. "Diski ya kuchoma si jiwe," akasema. "Ina umri wake kama mkate, ila yenyewe haikuonyeshi ukungu." Nilimtazama Radi ili maneno hayo yamwingie. Alikuwa anatazama pazia.

Mama Spika akafungua daftari, akateremsha kidole, akavuta droo. Mia mbili na kumi na mbili. Akaiweka mashineni bila kuuliza tumefuata nini.

Likatoka gitaa lako. Matone machache kwanza. Zile dakika mbili zote nilisimama nimeshika ukingo wa kabati. Kuna mahali mtu anakohoa nyuma, na wewe unacheka kidogo huku unapiga. Nilikuwa nimesahau kama ulikuwa unacheka hivyo.

"Imefikaje hapa?" nikauliza wimbo ulipokwisha.

"Mdogo wako aliileta, hiyo moja tu, siku ile ile aliyoichoma," akasema Mama Spika. "Akaniambia, hii ni nzima, iweke wewe, kwangu vitu vinapotea. Ile iliyokatwa alibaki nayo yeye, ya kazini." Akairudisha kwenye mfuko. "Na kaseti zenyewe mnazo bado? Maana kaseti ndiyo mama."

Radi akasema haraka, "Nilizipoteza mimi."

Hapa, Baba Mdogo, imebidi niweke kalamu chini, nikachemsha chai, nikarudi.

Kaseti hakuzipoteza Radi. Nilizitupa mimi. Siku ya kuhama nilikuta boksi kuukuu uvunguni, halina jina, halina orodha, na kwangu mimi kitu kisicho na jina ni takataka. Nililishusha mwenyewe hadi kwenye gari la taka, sikulifungua. Radi alipouliza boksi liko wapi nikamjibu kwa fahari kabisa. Aliteremka ngazi mbio, akalifukuza gari lile mtaa mzima, akarudi na ndala moja. Jioni hiyo Mama alipouliza zilipo, Radi alisema amezipoteza yeye, nami nikanyamaza. Nimenyamaza miaka miwili. Uliponiandikia kwamba huyo mtoto hana maana, nilijibu kwamba ni kweli.

Tulipokuwa tunashuka kutoka kwa Mama Spika nilimuuliza kwa nini hajawahi kusema.

"Ungebaki na nini, Dada?" akasema. "Baba Mdogo anakuamini wewe. Mimi ameshanizoea."

Basi ndani ya kifurushi hiki utakuta diski moja, nyimbo zote tisa, nzima. Ya pili nimeituma kwa njia nyingine, wiki ijayo itafika. Zimechomwa polepole na kusikilizwa mwanzo hadi mwisho. Usiziweke juani, usiziandike chochote. Namba iliyo katikati ameiandika Radi, kwa kalamu laini, na imechukua muda mrefu kuliko inavyostahili namba moja. Usidhani ametubu kabisa: jana nimekuta kikombe chake juu ya "Moto Mpya wa Kweli". Nimemtukana kama kawaida, lakini sauti haikutoka yote.

Mama anakusalimu sana, anasema zoezi la kuminya mpira usiliache. Mama Spika anakusalimu, ingawa hakujui ila kwa vidole. Nisalimie Mama Mdogo, na mapacha, na yule shemeji mcheshi mwenye mluzi. Mola awalinde mlale salama na muamke wazima.

Radi hakuniomba niandike neno lolote kwa niaba yake. Ukijibu, bahasha iandike jina lake. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na niliyekukosea,
Karani wako.