Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Baharia

Tanga, Jumamosi

Mdogo wangu Naomi,

Nakusalimu kutoka kwenye joto. Mkutano wetu wa wakusanyaji wa vitabu vya katuni uko katika ukumbi mmoja huku Mabawa, na haruhusiwi mtu kugusa kitabu kabla hajanawa mikono kuondoa mafuta ya bajia.

Nimemkuta Mzee Seif, yule Mwarabu mwenye duka kule Pongwe, enzi baba akifanya kazi kwenye mkonge. Kumbe naye ni mkusanyaji. Nilimwonyesha kitabu changu cha baharia, kile kisicho na ukurasa wa mwisho. Akakifunua, akasema, "Hiki nilikuuzia mimi, na ukurasa niliuchana mwenyewe. Baharia anambusu binti wa watu, nawe ulikuwa mtoto."

Nilikumbuka nilivyokushitaki kwa mama kwamba umeuchana wewe, ukapigwa, na kwamba tangu siku ile sijakuachia kitabu changu hata kimoja.

Mzee Seif alikuwa na kopo la biskuti lililojaa kurasa kama hizo, maana kuzitupa hakuweza. Akaniuliza, "Umeoa?" Nikamjibu nimeoa, huu mwaka wa pili. "Basi chukua," akasema, akanitolea ukurasa wangu.

Ninao hapa, sijausoma. Utausoma wewe kwanza, kisha utaubandika kitabuni kwa mkono wako. Mfikishie mama shikamoo yangu, ila habari hii usimwambie. Nataka nimwambie mwenyewe, nawe uwepo.

Kaka yako,
Elia